Aliyemvusha Mama Mkwe

Simu iliita Jumanne asubuhi nikiwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa na nusu bado. Alikuwa binti mkubwa wa yule mwendesha baiskeli wa stendi ya Bariadi. Hakuzunguka. Alisema, "Mwalimu, baba ametutoka," kisha akanyamaza ili nipate nafasi ya kusema yale ambayo sote husema. Kiharusi kilimwangusha mwezi uliopita, akalazwa, akaonekana anapata nafuu, akaomba uji, na siku aliyoomba uji ndiyo siku aliyoondoka. Nikampa pole, nikakata simu, nikamwambia kinyozi aendelee, maana hata msibani hakuendwi na nusu kichwa. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kuwa hapa sitaji majina. Aliye hai anaweza kunijia juu, na aliyekufa hawezi kujitetea. Na nisiwadanganye kwamba alikuwa rafiki yangu. Alikuwa mtu aliyenibeba mgongoni mwa baiskeli yake kwa miaka mitatu, nikamlipa nauli, nikadhani tumemalizana.

Nilifika upande wa Zagayu miaka ile ya mwanzo ya soko huria, mwalimu kijana kutoka Morogoro, na suti moja ya kaki na kiburi cha suti tatu. Wenyeji walinisimulia jinsi walivyosafiri zamani. Gari lao lilikuwa lori la ushirika lililokuja kuchukua pamba. Mtu alipanda juu ya magunia, akashikilia kamba, akafika mjini na nyuzi nyeupe kichwani. Ushirika ulipolegea na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, malori yakawa mengi wakati wa msimu, yakigombania mizani, na msimu ukiisha usingeliona hata moja. Lakini maduka ya mjini nayo yalijaa baiskeli kutoka nje, na aliyevuna vizuri alinunua baiskeli kabla hajafikiria bati. Vijana wakafunga sponji juu ya keria, wakaishonea kava la plastiki, wakasimama njia panda kungoja abiria. Tuliziita daladala. Mgeni kutoka Dar akielekezwa apande daladala alikuwa akitazama huku na huku kutafuta gari, na kumbe imesimama mbele yake, ina magurudumu mawili na kengele. Kwa mara ya kwanza mama angeweza kutoka kijijini asubuhi akauza kuku zake mjini, akarudi kupika siku hiyohiyo. Wachumi wanayo maneno yao makubwa juu ya miaka ile. Mimi nikiulizwa soko huria lilileta nini Bariadi, nitasema lilileta keria yenye sponji.

Marehemu alikuwa mrefu, mkavu wa mwili na mkavu wa maneno, na alikuwa na tabia moja iliyonitoa roho. Kila tulipokutana na mzee njiani, alishuka. Usukumani mkubwa hasalimiwi ukiwa umeketi juu ya chombo. Basi anashuka, na mimi ninashuka, baiskeli inaegemezwa, "mwangaluka" zinaanza, wanaulizana ukoo, nyumba, ng'ombe, mvua, kisha ndiyo tunapanda tena. Ukivuka kichuguu, mzee mwingine. Siku moja tulishuka mara kumi na moja nikakuta ofisi ya elimu imefungwa, nikamfokea mbele za watu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema, "Mwalimu, hawa wazee ndio njia yenyewe. Nikiwapita hivihivi leo, kesho nitapita wapi?" Na kwa mama mkwe ilikuwa zaidi ya kushuka. Huyo humkaribii, humtazami usoni, humpi mkono, huli alipo, wala humwambii neno ana kwa ana. Ukimwona anakuja unatoka njiani kabisa, unaingia majanini, unampa mgongo mpaka apite. Naye hivyohivyo kwako, hata kama anakupenda. Mimi niliyatazama hayo kama vichekesho, ndivyo nilivyokuwa.

Sasa nisimulie siku yenyewe, maana nimeikalia kwa muda mrefu. Ilikuwa Machi, mvua haijakatika siku tano, na mnaijua mbuga yetu nyeusi ikilowa: inashika kiatu kama inakidai. Nilikuwa nakwenda mjini kufuatilia barua yangu ya uhamisho, na nilikuwa nimeisubiri mwaka mzima. Mbele yetu wakatokea wanaume wanne wamebeba kitanda cha kamba, na nyuma yao mkunga mzee amejifunga kanga mbili. Juu ya kitanda alikuwepo mama aliyeshikwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hatoki. Kabla sijafahamu lolote, mwendesha baiskeli wangu alishabwaga baiskeli majanini na kuchutama amelitazama shamba la pamba, mgongo kwetu. Aliyeshika kitanda mbele alikuwa baba mkwe wake, na aliyelala juu yake alikuwa mama mkwe wake. Miaka ile mama na binti kuzaa mwaka mmoja halikuwa jambo la kushangaza. Mama wa watu hakuwa na zaidi ya miaka arobaini.

Baba mkwe hakumwambia kitu. Aliniambia mimi, kwa Kiswahili cha taratibu, kwamba wamechoka, tope linawameza, na kwa mwendo ule hawatafika naye hai. Kisha akaitazama baiskeli. Wote waliitazama baiskeli, hakuna aliyemtazama mwenye baiskeli. Hapo ndipo nilipofanya la kufanya. Nilisema nitamwendesha mimi. Nilijifunza baiskeli Morogoro, kwenye lami, bila mzigo, na hilo sikulitaja. Wakaniamini kwa sababu nilikuwa mwalimu, na mwalimu kijijini huaminiwa hata katika asiyoyajua. Wakampakia yule mama. Nilikwenda hatua labda ishirini, gurudumu la mbele likajipinda, tukaenda chini, yeye chini na mimi juu yake. Alilia mara moja tu. Mlio ule sijawahi kumsimulia mtu, hata mke wangu.

Mkunga hakunitukana, na ningeshukuru angenitukana. Alimwinua mgonjwa, akavua kanga yake ya juu, akamfunika nayo kichwa na uso wote. Kisha akageukia ule mgongo majanini akasema kwa Kisukuma maneno ambayo nayaleta hapa kwa Kiswahili: "Hapa hakuna mkwe. Kuna mtu anakufa. Inuka." Kwa kitambo hakuinuka. Nikadhani hataweza. Halafu akasimama, akaja amekaza macho kwenye usukani, akabana gurudumu katikati ya magoti na kuninyooshea nilichokipinda, akatoa tope kwenye madigadi kwa kijiti. Aliniagiza nimwambie mama ashike springi za siti, asimshike yeye kiunoni. Mimi nikimbie nyuma, nimshikilie mgongo.

Tukaondoka hivyo, wengine wakabaki nyuma na kitanda chao na tope lao. Na maongezi yakawa haya. Yeye anasema, "Mwalimu, mwambie mama akaze mikono, kuna shimo." Mimi, pumzi juu, nasema, "Mama, kaza mikono, kuna shimo." Mama chini ya kanga anasema, "Mwambie nimekaza." Nami namwambia amesema amekaza. Kutoka kinywa cha mmoja hadi sikio la mwingine hapakuzidi shubiri mbili, na mimi tarishi wao nilikuwa nyuma nakula tope la gurudumu. Nilikereka, nikawaona watu wa ajabu. Leo naona kwamba kijana yule alikuwa akishughulika na mambo mawili kwa wakati mmoja, uhai wa yule mama na heshima yake, na hakutaka kuangusha hata moja. Mimi nilikuwa nimeshamwangusha yeye mzima.

Karibu na mji kulikuwa na korongo. Siku za kawaida ni mchanga mtupu, watoto wanachimba humo visima vya mikono. Siku ile lilikuwa limejaa. Maji yalikuwa ya kahawia, yanaleta matawi, na kila ulipoyatazama yalikuwa yamepanda. Wakati tunasita, yule mama aliachia springi. Kichwa chake kikaegemea mgongo wa mkwewe, nikamwita, hakuitika. Nikasema tumsubiri mumewe, yeye ndiye ambebe. Alitazama tulikotoka, hakuna hata kivuli cha mtu. Akatazama maji. Akasema, "Mwalimu, beba baiskeli." Akainama, akambeba mama mkwe wake mgongoni kama abebwavyo mtoto, mikono yake miwili chini ya mapaja ya mama, akaingia. Maji yalimfika kifuani. Mimi nilivuka nyuma yake, baiskeli kichwani, nikiwa nimeacha kabisa kuwa na maoni. Ng'ambo ya pili kanga ilikuwa imekwenda na maji. Akamkalisha kwenye keria akitazama pembeni, akavua shati lake, akamfunika nalo uso.

Tulifika hospitali kabla ya saa sita mchana. Muuguzi alitugombeza kwa kuchafua sakafu, kisha akamwona mgonjwa akaacha. Wakampasua. Alizaliwa msichana, mzima, na mama akapona. Habari hiyo nilikwenda kumpa mwenzangu nje, bombani, alipokuwa anaosha baiskeli bila shati. Alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kuosha cheni. Sikumwambia pole wala hongera. Nilimuuliza kama tunawahi ofisi ya elimu.

Wiki mbili baadaye wazee walikaa. Kumpandisha baiskeli walikwisha kumsamehe, mkunga alilieleza vizuri na kanga yake ilitosha. Lililomfunga ni korongo. Wanawake waliokuwa ng'ambo wakichota maji walimwona amembeba mama mkwe mgongoni, uso wazi, na habari ikafika kijijini kabla yake. Wazee wakauliza swali ambalo si la kijinga: mumewe alikuwa anakuja nyuma, kwa nini hukumsubiri? Watu watatu tu walijua jibu. Yeye mwenyewe alisema, "Nilimbeba," akaishia hapo, kwa kuwa kueleza zaidi ni kusema hadharani jinsi mama mkwe alivyozimia akamwegemea mgongoni. Mama aliulizwa akainamisha kichwa, akanyamaza, kama mila inavyomtaka mwanamke anyamaze katika jambo la mkwewe. Wa tatu nilikuwa mimi. Nilitumiwa mtu aje kuniita. Nikasema nina mitihani ya kusahihisha. Penye wazee haliharibiki neno, wanasema, lakini siku ile liliharibika, maana shahidi alikuwa chumbani kwake anapanga madaftari yasiyohitaji kupangwa. Nikizungumzia korongo ningeulizwa na yaliyotangulia. Walioniona nikimwangusha walikuwa wachache; sikutaka wazazi wote wa wanafunzi wangu wajue. Na barua ya uhamisho nilikuwa nayo mfukoni.

Aliamriwa kutoa ng'ombe jike wa kusafisha jambo, na mkewe arudi kwao mpaka ng'ombe atoke. Aliuza ile baiskeli ili apate ng'ombe. Mke akarudi, na yeye kwa misimu miwili akaendesha baiskeli ya mtu mwingine, huku vijana wenzake wa njia panda wakimwita jina ambalo sitaliandika, lakini mnaweza kulikisia: lilimhusu yeye na mkwewe, na lilikuwa chafu. Mimi nilikuwa nimeshahamia upande wa Maswa, kule Sola, nasikia haya kwa wapita njia. Niliporudi Bariadi miaka baadaye, ualimu nimeuacha na kalamu nimeishika, nilimkuta stendi. Akaniambia, "Mwalimu, karibu tena," akanipangusia sponji. Hakuwahi kuligusa jambo lile. Nikajiambia amesahau. Mtu asiyetaka kuomba radhi hukimbilia kuamini kwamba mwenzake amesahau.

Nimekuwa nikifikiri juu ya wale wazee, na siwezi kuwalaumu sana. Mila yao ilikuwa na kanuni ya njia, ya kizingiti, ya bakuli la ugali, ya nani akae wapi motoni. Haikuwa na kanuni ya keria. Watu walikuwa wakitembea kwa miguu, na miguu humpa kila mtu nafasi yake. Baiskeli ikaja na biashara huria, ikawabana watu wawili mahali pa mmoja, bila kuuliza ni mtu na nani wake. Wazee walilazimika kuamua jambo ambalo babu zao hawakuwahi kuliona, na walitumia kipimo walichokuwa nacho. Halafu ikaja pikipiki. Leo ukisimama barabara ya kwenda Lamadi utaona mkwe, mama mkwe, mtoto na debe la mafuta ya pamba wamepanda bodaboda moja, mshikaki kamili, na hakuna anayegeuza shingo. Mzee akikutwa njiani hupigiwa honi, na akichelewa kupisha anaitwa kiziwi. Lami imefika, kosta zinakwenda Mwanza na kurudi siku moja, mama mwenye uchungu anapigiwa simu bodaboda na anafika. Sitaki kurudi kwenye tope, asinisingizie mtu. Wanawake wengi wako hai leo kwa sababu ya hizo pikipiki tunazozitukana. Ila nakumbuka kwamba wa kwanza kubeba mgonjwa asiyeruhusiwa kumgusa hakuwa na sheria ya kumkinga wala umati wa kumwiga. Alikuwa peke yake kwenye maji, na kesho yake alilipa.

Tulimzika Alhamisi, nyumbani kwake nje kidogo ya mji. Nikaombwa niseme neno kwa niaba ya waliomfahamu. Nilisema vizuri, nina kipaji cha kusema. Nilisifu bidii yake, nikasifu watoto aliowasomesha kwa pedeli, nikawachekesha waombolezaji kwa kile kisa cha kushuka mara kumi na moja. La korongo sikuligusa. Nikarudi kuketi, na jirani yangu akaniambia nimezungumza kama kitabu.

Hapo ndipo bodaboda iliposimama na kumshusha bibi mmoja mwenye fimbo. Alikuwa yule mama mkwe, umri umeshavuka sabini. Akina mama wakampangia mahali mbali na jeneza, kama inavyotakiwa, na mwanawe akaketi karibu naye, yule aliyezaliwa siku ile, sasa ni mama wa watoto watatu. Ulipofika wakati wa kuaga, watu walipita, wakapita, wakaisha. Mchungaji akafungua kitabu. Yule bibi akajiinua kwa fimbo yake, akaanza kwenda. Binti yake, mjane wa marehemu, alimshika mkono kumzuia, bibi akautoa mkono ule taratibu. Manung'uniko yalisikika kwa wazee. Alifika kwenye jeneza, akainama, akautazama uso wa mkwewe, nadhani kwa mara ya kwanza maishani. Alimshukuru kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye masufuria:

"Wabeja, baba. Maji yalikuwa mengi. Mimi ningekufa na huyu mtoto angekufa. Waliniuliza, nikanyamaza, ukalipa."

Kisha akawageukia wazee. Wawili kati ya wale waliokaa kikao kile bado wako hai, na walikuwepo. Akawaambia, "Sasa nimejibu." Mmoja wao alivua kofia yake. Bibi akarudi kukaa. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka pale, na hotuba yangu nzuri ilikuwa imekunjwa mfukoni.

Ndugu zangu wasomaji, nimezoea kuwaachia fundisho mwishoni, na mara nyingi linakuwa fundisho la watu wengine. Hili ni langu. Ukijua neno linaloweza kumtoa mtu lawamani, neno hilo si lako kulitunza. Lipeleke angali analisikia, hata kama litakuchafua wewe. Yule bibi alifungwa mdomo na mila aliyozaliwa nayo, na alipoona hakuna tena siku nyingine, aliivunja mbele ya watu wote, kwa miguu yake. Mimi hakuna mila iliyonifunga. Niliogopa kuchekwa, basi, na kwa woga huo mtu mwema aliuza baiskeli yake na akaishi na jina chafu. Kwa hiyo nasema leo, mbele yenu na mbele ya wale wazee wawili kama wanasomewa gazeti: niliitwa kutoa ushahidi na sikwenda. Mimi ndiye niliyemwangusha yule mama kwenye tope. Nilikuwepo korongoni. Alikuwa ameshazimia, maji yalikuwa yanapanda, na nyuma yetu hakukuwa na mtu wa kumsubiri.